Jinsi ya kufuatilia maonyesho na programu za makumbusho ya eneo lako bila kukuta mlango umefungwa

Maswali huwa ni yale yale. Nitajuaje makumbusho ya huku kwetu yana nini mwezi ujao? Mbona nilisafiri mpaka kule nikaambiwa onyesho liliisha juzi? Programu ya umma ni kitu gani, na je, ni lazima kujisajili? Watoto wanaruhusiwa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kutafuta habari hadi kuingia ukumbini. Umeandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kupanga ziara ya namna hii, na anayetaka kuzungukia makumbusho kadhaa ya eneo moja, si jengo moja tu.

Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo, maana hatua zote zimejengwa juu yake: panga kwa kuangalia tarehe ya kufungwa, si ya kufunguliwa. Tarehe ya ufunguzi ndiyo inayotangazwa kwa mbwembwe, yenye mabango na hotuba. Tarehe ya mwisho huandikwa kwa herufi ndogo, na ndiyo inayowaponyoka watu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kalenda moja tu, ya simu au ya ukutani. Ukitumia mbili, moja itakudanganya.
- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu tano: jina la makumbusho, jina la onyesho, tarehe ya mwisho, siku wanayofunga, na kama kujisajili kunahitajika.
- Anwani ya barua pepe unayoifungua mara kwa mara. Si ile ya zamani uliyoitelekeza.
- Ramani ya eneo, ya karatasi au ya simu.
- Muda wa jioni moja kwa kazi ya mwanzo, kisha dakika chache kila mwisho wa mwezi.

Huhitaji kuwa msomi wa historia wala wa sanaa. Makumbusho yanaandaa programu za umma, yaani mihadhara, warsha na ziara za kuongozwa, kwa ajili ya mtu asiyejua, na wanaoziendesha hufurahi wakiulizwa maswali ya msingi.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya eneo lako

Amua unaweza kusafiri muda gani kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kuchoka. Kwa wengi ni saa mbili kwenda. Zungushia duara kwenye ramani. Kilichomo ndani ya duara ndicho eneo lako. Kilicho nje kiweke kwenye orodha ya safari za kulala huko. Usipofanya hivi utajaza daftari kwa maonyesho mazuri ambayo hutayaona kamwe.

Hatua ya 2: Orodhesha makumbusho yote, hasa madogo

Kila mtu anaijua makumbusho kubwa ya mji mkuu. Kazi yako ni kuyapata mengine: makumbusho ya chuo kikuu, ya reli, ya posta, ya jeshi, ya kilimo, ya bandari, nyumba ya mtu mashuhuri iliyohifadhiwa, nyaraka za serikali zenye chumba cha maonyesho, bustani ya mimea, maktaba kuu. Andika kwenye ramani ya simu neno «makumbusho» ukiwa umeisogeza juu ya kila mji, kisha rudia kwa «urithi», «nyaraka» na «kituo cha utamaduni». Utashangaa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo palipo na hazina. Kwenye makumbusho ndogo, mtu anayekukatia tiketi mara nyingi ndiye aliyepanga vitu kabatini na kuandika maelezo yake. Ukimuuliza swali, utapata jibu ambalo halimo kwenye bango lolote.

Hatua ya 3: Chukua habari kwa mwenyewe

Tovuti za utalii na kurasa za «mambo ya kufanya wikendi hii» zinafaa kukuonyesha kwamba kitu kipo. Hazifai kukupa tarehe. Kurasa hizo hunakili habari mara moja na kuiacha ikichacha. Baada ya kusikia habari, nenda kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe ukatafute kurasa mbili tofauti: ile ya maonyesho na ile ya matukio au kalenda. Ni kosa la kawaida kusoma ya kwanza tu. Maonyesho yako kwenye ukurasa mmoja. Mihadhara, warsha na ziara za kuongozwa ziko kwenye mwingine, na wakati mwingine kurasa hizo mbili hazitajani kabisa.

Jiandikishe kupokea jarida lao la barua pepe. Habari za programu yenye nafasi chache hutangulia kwenda kwa walioandikishwa, na kwa programu ya watu ishirini, kuchelewa siku mbili kunatosha kukosa.

Makumbusho isiyo na tovuti, au yenye tovuti iliyosasishwa mwisho miaka iliyopita, ipigie simu. Uliza hivi, kwa mpangilio huu:

1. Sasa hivi kuna onyesho gani la muda, na linaisha tarehe ngapi?
2. Kuna chumba chochote kilichofungwa kwa matengenezo?
3. Kuna mtu wa kutuongoza, na anapatikana siku gani?
4. Kuna programu yoyote iliyopangwa miezi mitatu ijayo?
5. Malipo ni ya taslimu, simu au kadi?

Swali la pili ndilo ambalo hakuna anayelikumbuka. Onyesho moja likiondolewa na jingine kupangwa, ukumbi hufungwa kwa siku au wiki kadhaa wakati jengo lenyewe liko wazi na kiingilio kinatozwa kama kawaida.

Hatua ya 4: Andika tarehe ya mwisho, kisha rudi nyuma

Kwanza tofautisha aina tatu za maonyesho.

Maonyesho ya kudumu yapo mwaka hadi mwaka. Haya hayana haraka. Yatumie kujazia safari.

Maonyesho ya muda hukaa miezi michache, mara nyingi mitatu hadi sita. Sababu si matakwa ya wakubwa. Vitu vingi vimeazimwa na vina tarehe ya kurudi kwa mwenyewe. Vingine haviwezi kuvumilia mwanga: karatasi, nguo na michoro ya rangi za maji hufifia polepole, na kilichofifia hakirudi. Kiwango ambacho wahifadhi wengi hukifuata kwa vitu hivyo ni takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu kabisa. Ndiyo maana ukumbi wa michoro ya kale huwa na kiza. Subiri dakika chache macho yazoee. Mchoro wa sungura alioutengeneza Albrecht Dürer mwaka 1502, ulioko Albertina mjini Vienna, ni miongoni mwa kazi zinazojulikana sana duniani, lakini mchoro halisi hutolewa hadharani kwa nadra kwa sababu hiyo hiyo. Anayesafiri kwa ajili yake bila kuuliza huenda akakuta nakala.

Maonyesho yanayozunguka hutoka mji mmoja hadi mwingine. Picha zinazoshinda shindano la picha za habari la World Press Photo, kwa mfano, huzungushwa kila mwaka katika miji ya nchi nyingi. Ukikosa onyesho la aina hii, tafuta linaelekea wapi; huenda kituo kijacho kiko ndani ya duara lako.

Sasa chukua tarehe ya mwisho ya kila onyesho la muda, uihesabie wiki tatu nyuma, na uiweke alama kwenye kalenda. Hiyo ndiyo siku yako ya mwisho ya kwenda. Wiki mbili za mwisho ziache kabisa: wote waliokuwa wakisema «nitaenda tu» hufika kwa pamoja, ukumbi hujaa, na husomi bango lolote isipokuwa kwa kuchungulia mabegani mwa watu.

Chunguza pia kama kuna kitu kitakachoondoka kabla ya onyesho kuisha. Mwaka 2023 Rijksmuseum ya Amsterdam ilikusanya kazi 28 za mchoraji Vermeer, kati ya zisizofika 40 zinazojulikana kuwepo. Onyesho lilianza tarehe 10 Februari na kuisha tarehe 4 Juni. Lakini picha yake maarufu kuliko zote, ya msichana mwenye hereni ya lulu, ilirudishwa nyumbani kwake The Hague mwishoni mwa Machi. Mwenye tiketi ya Mei aliingia onyesho halali, lililo wazi, na hakuikuta. Habari za namna hii hutangazwa, ila ziko chini ya ukurasa. Shuka mpaka chini.

Hatua ya 5: Chagua programu, si onyesho peke yake

Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda siku yenye programu. Nasema hivi kwa dhati. Vitu vile vile kabatini hubadilika kabisa vikisimuliwa na aliyevichagua.

Aina utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

*Ziara ya kuongozwa.* Huchukua kama saa moja. Uliza kama imo ndani ya kiingilio au inalipiwa peke yake, na ni ya lugha gani.

*Mazungumzo ya mwandaaji wa onyesho.* Hii ndiyo ningeichagua mbele ya zote. Mwandaaji atakwambia kwa nini kitu fulani kiko karibu na kingine, nini walikitafuta wakakikosa, na wapi wataalamu bado wanabishana. Kwa kawaida hufanyika mara moja au mbili tu katika uhai wa onyesho, nyingi zikiwa wiki za mwanzo. Kwa hiyo usisubiri.

*Warsha.* Unafanya kwa mikono yako: kufinyanga, kusuka, kuchapa, kutengeneza karatasi. Nafasi ni chache kwa sababu ya vifaa na meza. Soma umri unaoruhusiwa na kama vifaa vinatolewa.

*Ziara ya ghala.* Makumbusho makubwa huonyesha sehemu ndogo tu ya yanachomiliki. British Museum ina vitu takriban milioni 8, na vilivyo wazi kwa umma ni kama asilimia 1. Makumbusho inapofungua ghala au karakana yake ya uhifadhi kwa wageni, hata kwa mchana mmoja wa mwaka, acha mengine uende.

*Vipindi vya watoto na familia.* Vingi huwekwa likizo za shule na asubuhi za wikendi. Makumbusho mengine huruhusu watoto kushika baadhi ya vitu wakiwa na msimamizi, jambo ambalo siku za kawaida ni marufuku.

*Programu kwa wenye mahitaji maalumu.* Ziara za lugha ya alama, ziara za kugusa kwa wasioona, na saa tulivu ambapo sauti na mwanga hupunguzwa. Kama hazimo kwenye kalenda, omba. Makumbusho mengi huweza kuandaa yakipewa taarifa mapema, na ombi lako huwafungulia njia wengine.

Ongeza kwenye kalenda siku zinazojirudia kila mwaka. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoratibiwa tangu mwaka 1977 na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Karibu na tarehe hiyo makumbusho katika nchi nyingi huandaa programu za bure au hufungua vyumba visivyofunguliwa. Usiku wa Makumbusho nao, ambao Berlin ilianza kuufanya mwaka 1997 na miji mingi ikaufuata, huacha milango wazi hadi usiku wa manane. Ni siku za shangwe na zinafaa kwa kujaribu makumbusho ambayo hujawahi kuingia. Hazifai kwa kutazama kwa utulivu.

Hatua ya 6: Unganisha safari

Rudi kwenye ramani. Tafuta makumbusho mawili yaliyo upande mmoja, kubwa moja na ndogo moja, ambayo maonyesho yake yanapishana tarehe. Kubwa iwe asubuhi, mwili ukiwa na nguvu. Ndogo baada ya kula. Mawili kwa siku yanatosha. Watu hupanga manne, na ya tatu ikianza wanasoma mabango bila kuona kitu.

Programu yenye saa maalumu iwe ndiyo nguzo ya siku. Ukiwa na mhadhara wa saa nane mchana, fika saa tano, tazama onyesho kwanza, pumzika, kisha sikiliza. Anayesikiliza kabla ya kutazama hukosa maswali ya kuuliza.

Hatua ya 7: Kagua siku na saa

Usidhani. Makumbusho mengi duniani hufunga Jumatatu, lakini Louvre ya Paris hufunga Jumanne na Metropolitan ya New York hufunga Jumatano. Sikukuu nazo zina sheria zake: mengine hufungua siku ya sikukuu halafu yakafunga kesho yake.

Angalia vilevile saa ya mwisho ya kuingia, ambayo ni tofauti na saa ya kufunga. Kwa kawaida hutangulia kwa nusu saa hadi saa nzima, na wahudumu huanza kuondoa watu vyumbani kabla ya saa ya kufunga kugonga.

Hatua ya 8: Shughulikia tiketi

Kiingilio cha bure hakimaanishi onyesho la bure. Makumbusho ya taifa ya Uingereza hayatozi kuona maonyesho ya kudumu, lakini maonyesho makubwa ya muda yana tiketi yake. Kinyume chake, makumbusho ya kulipia huwa na saa za bure: Prado ya Madrid hufungua bure saa mbili za mwisho za siku, na makumbusho ya serikali ya Italia hayatozi Jumapili ya kwanza ya mwezi. Foleni za saa hizo ni ndefu. Zitumie kuona vyumba viwili ulivyochagua, si jengo zima.

Kama utatembelea makumbusho matatu au zaidi ya eneo hilo kwa mwaka, uliza habari za uanachama au kadi ya pamoja. Uholanzi wana kadi moja inayoingiza mtu katika makumbusho zaidi ya 400. Piga hesabu kabla ya kununua, na usome kama maonyesho maalumu yana nyongeza.

Kwa programu ya bure yenye usajili, jisajili pale tu unapokuwa na hakika. Kiti ulichokishika bila kukikalia kilikuwa cha mtu mwingine. Ukighairi, ghairi kwa maandishi ili aliye kwenye orodha ya kusubiri apate.

Hatua ya 9: Thibitisha siku mbili kabla

Fungua tovuti yao na ukurasa wao wa mitandao ya kijamii. Mabadiliko ya ghafla, kama ugonjwa wa mhadhiri au hitilafu ya umeme, hutangazwa kwenye mitandao kwanza. Usiporidhika, piga simu. Hifadhi tiketi kama picha kwenye simu, kwa sababu kuta nene za majengo ya kale hukata mtandao.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Nenda na mkoba mdogo. Mikubwa huachwa mapokezi. Viatu viwe vya kutembelea. Kabla ya kupiga picha, angalia alama mlangoni mwa kila chumba, maana ruhusa ya chumba kimoja haihamii kingine: vitu vya kuazima mara nyingi vina masharti ya mwenye mali. Mmweko wa kamera uzime moja kwa moja.

Zunguka onyesho lote haraka mara moja bila kusoma. Kisha rudi kwenye vitu vitano au sita vilivyokuvuta, uvikalie. Kabla ya kutoka, uliza kaunta swali moja: «Kinachofuata ni nini?» Wahudumu huyajua maonyesho yajayo kabla hayajafika kwenye tovuti.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi zimekwisha.* Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, kisha angalia tena asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuwa zilizorudishwa huwekwa sokoni upya. Uliza pia kama wanachama wana saa zao au kama makumbusho itaongeza muda wa jioni. Usinunue kwa walanguzi. Tiketi nyingi zina jina na saa.

*Tovuti inasema hili, bango linasema lile.* Amini simu. Ikiwa hakuna anayepokea, fuata tarehe iliyo karibu zaidi, ndiyo salama.

*Umefika ukakuta ukumbi umefungwa.* Omba kwa upole kuzungumza na msimamizi wa zamu. Uliza kama kiingilio kinaweza kurudishwa au kutumika siku nyingine, na kama kuna mwongozaji aliye huru akuonyeshe sehemu ya kudumu. Makumbusho ya pili uliyoiweka kwenye hatua ya 6 sasa ndiyo inakuokoa siku.

*Programu imeahirishwa.* Usiondoe jina lako. Tarehe mpya ikitoka, waliokuwemo hupewa nafasi kwanza, na wengi watakuwa wamejitoa.

*Mtoto amechoka baada ya dakika ishirini.* Ni kawaida. Mpe kazi ya kutafuta: mnyama kwenye kila chumba, au kitu kikongwe kuliko vyote. Ikishindikana, tokeni nje mpumzike. Uliza kwanza kama tiketi inaruhusu kurudi.

*Hakuna maelezo kwa lugha unayoisoma.* Uliza kama kuna kijitabu au sauti ya kusikiliza kwenye simu. Kama hakuna, acha ombi kwa maandishi kwenye kitabu cha wageni, pamoja na tarehe. Vitabu hivyo husomwa, na idadi ya maombi ndiyo hoja anayoitumia mwandaaji anapoomba fedha za tafsiri.

*Makumbusho ndogo haina programu yoyote.* Kusanya watu kumi, jirani au wanafunzi, kisha iandikie ukiomba ziara ya kikundi na mazungumzo ya nusu saa. Taja tarehe mbili zinazowafaa, idadi ya watu, na jambo mnalotaka kulisikia. Barua fupi yenye mambo hayo matatu hujibiwa upesi kuliko ombi la jumla la «kutembelea».